Wiki ya Kupishana

12 Januari

Sanduku wangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini kwa cheo ulichopewa hutapata nafasi ya kuniamkia hivi karibuni, basi nimeitikia kabisa nisije nikasahau.

Hongera, mwanangu. Mkuu wa Taaluma wa chuo kizima! Nimemwambia jirani yangu kwamba mtu huyo nilimfundisha mimi kufua soksi, akaniangalia kama mtu mwenye homa. Sikubishana naye. Nakukumbuka mimi ulivyoingia Namba Tisa. Kwanza liliingia lile sanduku la bati, akafuata baba yako akilisukuma kwa goti, wewe ukawa wa mwisho, machozi yanakutiririka. Sanduku likakataa kuingia chini ya kitanda, likakaa katikati ya chumba, tukalifanya meza ya chai wiki nzima. Na jina ukalipata hapohapo.

Mimi nilikuwa nimebakiza mtihani mmoja, wewe hata maktaba hujui iko upande gani. Ndiyo Wiki ya Kupishana hiyo: wanaomaliza hawajatoka, wanaoanza wameshaingia, mmoja kitandani, mmoja kwenye godoro sakafuni, na ufunguo unatoka mkono hadi mkono. Ukaniita Mama Chumba kwa sababu ndivyo walivyoitana wote, nami nikakuita mwanangu kwa mzaha. Mzaha gani huu usioisha? Nimezaa mtoto mmoja kwa uchungu na mmoja kwa kalenda. Wa uchungu ametangulia, na rambirambi zako kutoka huko ng'ambo ulikokuwa ukisoma ninazo bado. Umebaki wewe wa kalenda.

Sasa kuna maneno yananifikia. Eti chuo kinapinduliwa juu chini: mihula mitatu iwe miwili, masomo ya mwaka mzima yakatwe vipande, na kalenda yote isogezwe. Lisemwalo lipo. Na Wiki yetu je? Nauliza tu, usinune.

Mama yako wa chumba,
Tindikali
(Bado wananiita hivyo. Zamani ilikuwa kwa sababu ya kemia, siku hizi ni kwa sababu ya ulimi.)

2 Februari

Mama Chumba,

Shikamoo. Hii sasa ndiyo ya kweli. Barua yako nimeisoma ofisini nikacheka mpaka katibu wangu akaja kufunga mlango, maana nje kulikuwa na wakuu wa idara wamekaa kwenye benchi wakiningoja na mafaili mapajani.

Nikueleze ofisi ilivyo. Kuna zulia ambalo limeanza kuliwa pembeni, meza pana kuliko kitanda chetu, na dirisha linalofunga lenyewe ukilisukuma. Hilo dirisha sijalizoea. Mvua ikianza, mkono wangu unatafuta kijiko. Unakumbuka? Dirisha la Namba Tisa halikufunga mpaka uchomeke mpini wa kijiko kwenye komeo. Hilo ndilo somo langu la kwanza la chuo kikuu. La pili lilikuwa bomba la bafuni: halitoi maji mpaka ulipige kofi. La tatu ukaniambia, "Ukitaka kulia, lilia bafuni bomba likiwa wazi. Ila usilie sana, maji ni ya wote." Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, lakini sijaona shauri lililonifaa kama hilo.

Kuhusu kalenda, ni kweli kuna mazungumzo. Kamati ina watu wengi, na kila mtu anavutia kwake. Wahandisi wanataka hivi, wauguzi wanataka vile, wa sheria wanapinga hata saa ya chai. Usijiumize kichwa, Mama. Nyonga yako inaendeleaje?

Mwanao,
Sanduku

21 Februari

Sanduku,

Nyonga yangu iache, ina tabia mbaya, tangu nianguke kwenye ngazi ya kanisa haitaki safari. Nyumba yangu naizunguka, sokoni nafika, basi.

Umenijibu habari za kijiko kurasa nzima na habari za kalenda mistari mitatu. Mimi nimefundisha watoto miaka mingi. Mwanafunzi akijibu kwa kirefu swali ambalo sikumuuliza, najua swali nililomuuliza hakulisoma.

Hebu nikukumbushe Wiki ile ilikotoka, usije ukaidhania ni sera ya wakubwa. Ilikuwa kosa. Kabla yangu na kabla ya mama yangu wa chumba, kiwanda kilichochapisha mitihani kiliungua, mitihani ikachelewa, na hakuna aliyekumbuka kuwazuia wageni. Wakashuka getini na mabegi yao wakati vyumba vimejaa. Wakubwa wakataka kuwarudisha makwao. Mlezi wa bweni, mama mmoja aliyekuwa na sauti ya kengele, akasimama mlangoni akasema, "Mtoto wa mtu aliyeshaagwa kwao harudishwi. Kila mwenye kitanda amchukue mmoja." Wakabanana wiki nzima. Mwaka uliofuata mitihani ilikuwa tayari mapema, lakini wanaomaliza wakagoma kutoka mpaka wageni wao wafike. Chuo kikashindwa, kikaandika kwenye kalenda. Kosa likazaa ukoo.

Nina ombi moja, na wewe unajua mimi si mtu wa maombi. Kama lazima muibadilishe, ibadilisheni. Ila msianze mwaka huu. Nipeni mwaka mmoja tu.

Mjukuu wangu Chiriku anakusalimu. Amemaliza shule, bado tunaangaliaangalia.

Mama yako,
Tindikali

10 Machi

Mama Chumba,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, nina kikao. Ombi lako nimelisoma na kulisoma tena. Mambo bado yanapikwa, yakitulia nitakuandikia vizuri. Nisalimie Chiriku. Bado anaongea kama redio? Mara ya mwisho uliniambia alimchosha mpaka kinyozi.

Mwanao,
Sanduku

28 Machi

Kwa Mkuu wa Taaluma,

Viatu vyangu vimetoka kwa fundi leo. Alivifunga kwa gazeti. Nikafungua, nikakutana na wewe uso kwa uso, miwani mipya, umeinua kalenda kubwa kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Gazeti lina doa la gundi kwenye paji la uso wako lakini maandishi yanasomeka. Yanasema kalenda mpya ilipitishwa na seneti katikati ya Februari na inaanza mwaka huuhuu. Yanasema wanaomaliza watatoka Julai, bweni lifungwe Agosti nzima, na wageni waingie Septemba. Tena yanasema pendekezo lote, tangu neno la kwanza, liliandikwa na wewe.

Katikati ya Februari! Kwa hiyo siku uliyoniambia mambo bado yanapikwa, chakula kilikuwa kimeliwa na sahani zimeoshwa. Mimi huku nakuhadithia habari za mlezi wa bweni kama bibi kizee anayesimulia ukuta.

Ungeniambia "Mama, nimeifuta," ningekasirika, ningenuna, yangeisha. Umenipumbaza, na hilo ndilo linaloniuma. Usihangaike kujibu.

Mwalimu mstaafu wa kemia

13 Aprili

Mama,

Nitakuita hivyo hata ukikataa. Umesema nisijibu, najibu. Huo ukaidi nimeurithi Namba Tisa.

Nilikuficha kwa woga. Seneti siiogopi, wale nawaweza. Nilikuogopa wewe. Nilijua ukiniambia "Sanduku, usifute," ningekosa nguvu ya kufuta, na ilinipasa nifute. Nisikilize sababu.

Mwaka jana, nikiwa bado idarani, msichana mmoja wa uuguzi aliingia ofisini kwangu. Hospitali ilikuwa imempa kazi. Wakamngoja na matokeo yake, wakangoja, wakachoka, wakamchukua mwingine, kwa sababu sisi tunamaliza wakati wenzetu wameshaajiri. Akakaa kwenye kiti cha wageni, mikono kwenye magoti, akaniuliza, "Mama, mimi kosa langu nini?" Kijana wangu mwenyewe shahada ya miaka mitatu ameitumikia mitano, na hakufeli hata somo moja.

Na Wiki yenyewe, Mama, si ile unayoikumbuka. Wewe na mimi tulikuwa wawili. Chumba kilekile leo kinalaza wanne, na ile wiki wanakuwa wanane. Mwaka juzi wamelala hadi kwenye ngazi, tumbo likashika bweni zima, tukawapeleka hospitali kwa gari la kubebea viti. Wageni wengine walifanywa wafuaji wa nguo za wanaomaliza. Wewe uliniachia kitanda ukalala sakafuni na kesho yake una mtihani. Watu wa namna hiyo hawaandikwi kwenye kalenda, hata ningependa vipi.

Mtaala nao nimeukata. Lile somo lenu la maabara la mwaka mzima, mlilokuwa mkianza mvua za kwanza na kumaliza jua kali, sasa ni vipande viwili. Sentensi iliyofuta Wiki niliiandika kwa mkono, nikalia, nikampa katibu aichape.

Sasa na wewe nijibu moja. Mtu asiyejua kuomba ameomba mwaka mmoja. Kwa nini mmoja?

Mwanao,
Sanduku

19 Juni

Sanduku,

Nimenuna vya kutosha, hata mwenyewe nimechoka. Nimeisoma kalenda yako. Jirani alinitafutia, nikakaa nayo na kalamu nyekundu nikitafuta kosa. Sikuliona. Ni kalenda nzuri, na yule msichana wa uuguzi yuko sahihi kuliko mimi. Hilo limeandikwa, usitake nilirudie.

Na mimi nilikuficha. Wewe unaniuliza kama Chiriku bado anaongea kama redio. Redio imezimika, mwanangu. Tangu tumzike mama yake, mtoto haongei. Si kwamba hawezi, daktari amemwangalia. Anasema "ndiyo," anasema "hapana," anasema "asante Bibi," basi. Mtoto aliyekuwa ananifanya nizibe masikio! Nyumba imekuwa kubwa, nasikia saa ya ukutani mpaka natamani kuitupa.

Amepata nafasi hapo kwenu. Alama zake mwenyewe, hakubebwa na mtu, na ndiyo maana sikukwambia. Sikutaka kuwa mama wa mkubwa anayepenyeza mjukuu. Mwanzoni alikataa kwenda. Sasa mimi, kila tukikaa kuchambua mboga, nikawa namsimulia. Sanduku mlangoni, kijiko dirishani, kofi la bomba. Siku moja nikamwona anatabasamu. Nikamwahidi. Nikamwambia, "Ukifungua mlango wa chumba chako utamkuta mtu anakungoja. Huko ndivyo kulivyo. Hutakuta chumba kitupu." Akaniangalia, akasema, "Kweli?" Neno jipya, Sanduku! Siku ileile akaanza kupanga nguo.

Sasa kalenda imebadilika na sijapata ujasiri wa kumwambia. Mama yake alipofariki, mtoto huyu ndiye aliyefungua mlango wa chumba cha hospitali akakuta kitanda kimetandikwa, hakuna mtu. Unaelewa kwa nini nilitaka mwaka mmoja.

Nyonga hainiruhusu kumsindikiza. Mume wa jirani atamfikisha getini. Sikuombi kitu. Nakueleza tu, kwa sababu nimebaki na wewe wa kumweleza.

Mama yako,
Tindikali

6 Julai

Mama,

Nimekuelewa. Lakini sitaki kukudanganya mara ya pili, kwa hiyo nakwambia ukweli wote.

Waliomaliza wameshaanza kutoka, siwezi kumzuia hata mmoja. Bweni litafungwa Agosti, mafundi watapaka rangi. Vyumba vinagawiwa na kompyuta, mwaka wa kwanza wanalala mmoja mmoja mpaka wenzao wa chumba wafike. Chiriku amepewa Ishirini na Mbili. Namba Tisa ameipata mtu mwingine. Sikuigusa orodha, na sitaigusa, hata kwa ajili yako.

Usimsimulie tena habari zangu, na cheo changu usimtajie. Mwambie asisubiri Jumatatu ya ufunguzi, aje Ijumaa kabla yake, geti litakuwa wazi kwa wanaotoka mbali.

Hilo ndilo ninaloweza kusema nikiwa kwenye kiti hiki.

Mwanao,
Sanduku

15 Septemba

Bibi,

Shikamoo Bibi. Kaa kitako, weka mguu juu ya kile kiti, ni ndefu hii.

Tulifika Ijumaa mchana, mvua inanyesha. Mume wa jirani akaniacha getini, mlinzi akanipa ufunguo, akanionyesha kwa kidole. Bweni lote linanuka rangi mpya, Bibi, na hakuna mtu! Viatu vyangu vinalia kwenye korido, kwa, kwa, kwa. Nikapita Namba Tisa, nikaugusa mlango kidogo kwa ajili yako. Nikafika Ishirini na Mbili nikasimama. Nilisimama sana. Nilikuwa nimeshajua kwamba umenidanganya, maana kalenda niliiona imebandikwa shuleni kwetu nilipokwenda kufuata cheti Mei, sikutaka tu kukuvunja moyo ulivyokuwa unasimulia vizuri. Nikasema moyoni, fungua, kitakuwa kitupu, utazoea.

Nikasikia mtu anakoroma.

Bibi! Kuna mama mmoja, mnene, kalala kwenye godoro sakafuni, miwani juu ya kifua, viatu kavua kavipanga mlangoni. Vitanda vyote kaviacha, kimoja kakitandika vizuri na taulo juu. Nikakohoa. Akaamka, akanitazama, akasema, "Umechelewa. Nimekungoja tangu asubuhi mpaka usingizi umenishinda. Karibu chumbani kwako." Machozi yakaja tu. Akasema, "Bafuni ni kule. Bomba la pili. Lipige kofi kwanza. Usilie sana, maji ni ya wote."

Nikajua haya ni mambo yako, lakini nikadhani kumbe kweli kila mtu hapa anayajua. Yeye nikamdhania mwanafunzi mtu mzima, mmoja wa wale wanaorudia mwaka mpaka wanaota mvi. Nikamwonea huruma, Bibi, wallahi! Nikampa na mkate niliofungiwa.

Amekaa na mimi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Madirisha ya upande huu wa bweni yote yana ugonjwa mmoja, rangi wamepaka lakini komeo ni lilelile, akatoa kijiko kwenye mkoba wake, kijiko cha nyumbani kwake kabisa. Akanionyesha njia ya maktaba, akapotea, wamejenga ukuta, akautukana ule ukuta. Akanionyesha mwalimu wa kumwogopa na mwalimu anayebweka tu. Akilala anakoroma, akiamka anakana. Anakunywa chai ya moto mpaka naogopa. Akaniuliza habari za mama. Hakuna mtu anayeniuliza, Bibi, wote wanapita mbali na hilo jina. Nikamwambia. Nikamwambia habari za hospitali, na kile kitanda, na yote ambayo hata wewe sijakwambia, nitakwambia nikija likizo. Hakusema pole. Alinisikiliza mpaka chai yake ikapoa, kisha akasema mama yangu anasikika kama mtu ambaye angempenda.

Jumapili jioni akakunja godoro, akavaa viatu, akasema yeye sasa kamaliza, ni zamu yangu. Akachukua ule ufunguo mezani, akaniwekea mkononi, akaufunga mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akasema nitakapomaliza nisiurudishe kwa mlinzi. Nimtafute mgeni mmoja nimkabidhi mkononi, hata kama bweni limefungwa, hata kama itabidi nipange chumba mjini nimngoje, kalenda iseme inavyotaka. "Umekubali?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Sijasikia." Nikasema nimekubali. "Bado sijasikia." Bibi, nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuchungulia!

Sasa sikiliza. Jana Jumatatu tukakusanywa ukumbini, tumejaa tele. Wakubwa wakaingia na majoho, muziki unapigwa, tukasimama. Akatangazwa Mkuu wa Taaluma, atusomee kalenda mpya. Akapanda jukwaani mama mmoja, mnene, miwani. Ni yuleyule wa kijiko na bomba, kumbe ndiye Sanduku wako! Nikapiga ukelele wangu wa zamani, ule uliokuwa unakutoa jikoni. Akasoma kalenda yote kwa sauti ya kutisha, hakutabasamu hata kidogo. Akasema waliomaliza na wanaoanza hawatakutana tena katika chuo hiki. Nikamwambia niliyekaa naye, "Mwongo huyo, kalala chumbani kwangu siku tatu." Hakuniamini. Nikamweleza. Nikamweleza kuanzia sanduku la bati, mpaka watu wa nyuma wakasema huyu mtoto anyamaze.

Nilipomaliza nikahesabu ukoo, Bibi. Wewe ni mama yake wa chumba, yeye ni mama yangu wa chumba.

Mjukuu wako mara mbili,
Chiriku